Mshtarii na Ratiba ya Likizo

Kwa miaka sita mimi ndiye niliyeandika ratiba ya likizo katika ghala la vigae, Dubai Investments Park. Sir, bosi wetu, alitaja tarehe zake, nami nikapanga za wengine kumzunguka. Safari yake ya kiangazi ikisogea, hesabu ya mali husogea, na likizo ya mtu mmoja husogea nayo.

Safari hii mtu huyo alikuwa dereva wetu wa foklifti, Mmombasa mpole. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka jambo moja tu: akae mbele ya kadhi, amshike mkwewe mkono, amuozeshe mwenyewe. Ndoa ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili kwa sababu likizo yake ilisogezwa.

Wakati wa chakula niliwaeleza wenzangu mambo ya anga niliyojifunza mwenyewe vitabuni. Siku moja bilauri ya chai ilikuwa jua, punje ya dengu kando yake sayari ndogo Utaridi, na chungwa mwisho wa meza Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote.

"Mshtarii haiigusi dengu hii," nilisema. "Iko mbali mno. Huivuta kidogo tu. Lakini mvuto mdogo ukirudi kwa mpangilio uleule, hujilimbikiza. Njia ya Utaridi inaweza kuvutika kama yai, na huenda siku moja ikagonga jirani au ikatumbukia juani."

"Na hilo chungwa?" dereva aliuliza.

"Halihisi kitu."

"Sasa mwalimu, hiyo dengu haiwezi kukataa?"

"Ikatae kwa mikono gani?"

Meza nzima ikacheka. "Khalas, basi, dengu ndiyo wewe!" mmoja akamwambia. Naye akacheka, akaiokota, akaila.

Alasiri ileile sir aliniita. Safari yake ilisogea siku tisa. "Nani anaweza kusubiri?" Ilibidi mmoja kati ya wawili asogezwe: dereva au mimi. Tiketi yangu sikuwa nimeinunua. Nikaweka kalamu kwenye jina la dereva, kwa sababu hakuwa amewahi kulalamika. Ilikuwa mara ya tatu. Nilipompa habari nilisema, "Sir ameamua."

Upande wa bwana arusi ulikataa kungoja tena. Siku ya ndoa dereva alisimama kati ya rafu, kofia ya kazi kwapani, akampigia simu ndugu yake amwakilishe. Walikuwa hawajasemezana miaka mingi. Alitaka mashahidi wawili: mmoja mlinzi wa geti, wa pili mimi.

"Nakuweka wakili wangu umuozeshe binti yangu."

Sauti ilikatika. Akarudia. Ikakatika tena. Akarudia mara ya tatu, polepole, kama anayesoma nambari ya katoni.

"Nimekubali," ndugu yake akajibu, nasi sote tukasikia. "Kwani wewe lini ulikuwepo?"

Dereva akaikata simu, akaipangusa kwa shati, akanigeukia.

"Mungu akulipe, mwalimu."

Nikasema amin. Kisha nikatazama saa, nikamwambia lori la vigae linasubiri kupakuliwa.