Waliokuja na Ndoo

Miaka ya sabini nilikuwa mhudumu wa mashine za baridi katika kiwanda kimoja cha maziwa, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mashine zile zilitumia gesi ya amonia, na mtaalamu aliyetufundisha alitukaririsha kila kitu: valvu ya kufunga, kitambaa chenye maji cha kuziba pua, upande wa kukimbilia kufuatana na upepo. Gesi ikivuja, mmoja wetu apige kipande cha reli kilichoning'inia getini kama kengele, ili watu wa bondeni wahame. Sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa najiona msomi.

Asubuhi moja bomba likapasuka. Fundi mkuu alijifunga kitambaa akaingia kufunga valvu, huku akinipigia kelele, "Reli, bwana! Kapige reli!" Nikaipiga kwa nguvu zangu zote, na kusema kweli nilijisikia shujaa.

Kwetu kule bondeni, reli ikilia maana yake nyumba inaungua au mwizi kaonekana, na asiyetokea hasemeshwi mwezi mzima. Basi watu wakatokea. Badala ya kukimbilia ng'ambo ya mto, walipanda kuja kiwandani na ndoo, na majembe, na matawi mabichi ya kupigia moto, huku upepo ukiwaletea ile gesi usoni. Mbele yao alikuwa mama yangu, kajifunga kanga kiunoni.

Nikaacha reli nikakimbia kuwaelekea. "Rudini! Rudini, mtakufa!"

Wakaongeza mwendo. Mtu anayelia hivyo anahitaji watu zaidi, ndivyo tulivyolelewa, na mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kuliko yule mtaalamu. Niliwasukuma, hata wazee nikawatukana, mpaka wakageuka. Mama alikuwa keshanipita pembeni. Nilimkuta amepiga magoti, amejishika macho, maji ya ndoo yamemwagika yote.

Hospitali walimfunga bendeji macho yote mawili. Daktari hakutaka kuahidi kitu. Nilikaa kando ya kitanda na hasira zangu, nikitafuta pa kuzitua, na nikazitua kwake.

"Mama, ile reli ilikuwa ya kuwafukuza! Ulikuja kufanya nini?"

"Si wewe uliyekuwa unapiga?" akajibu. "Ningekaa nyumbani?" Akakohoa sana, kisha akapapasa kuutafuta mkono wangu. "Moto umezimika, mwanangu?"

Nikamwambia umezimika.