Mkurugenzi Aliyeiamuru Kompyuta Iongeze Nguvu

Mkurugenzi wangu wa zamani amefariki wiki iliyopita hapa Kindu, nyumbani kwake upande wa Alunguli, akiwa amekula chumvi nyingi. Aliyenipigia simu ni mpwa wake, na kabla sijamaliza kusema pole alikuwa ameshaniomba niandae hotuba, "kwa sababu weye uko muntu wa kuandika." Nikaenda matangani na karatasi yangu mfukoni. Wasemaji watatu walionitangulia walirudia neno moja, kwamba marehemu ndiye aliyeleta kompyuta ya kwanza katika idara yetu ya elimu. Ni kweli, aliileta, na hakuna aliyeuliza kama iliwahi kufanya kazi. Nami nilipopewa zamu yangu nikasema hayohayo, tena kwa Kiswahili kizuri kuliko chao, watu wakapiga makofi. Safu hii naiandika kwa sababu ya makofi yale.

Wasomaji wangu vijana hawakuiona Zaire ya chama kimoja, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Hatukuitana bwana wala bibi, sote tulikuwa sitwayeni, raia. Tai ilipigwa marufuku, wakubwa wakavaa abakosi zao, makoti ya kufungwa hadi shingoni, na jasho likawatiririka ndani kwa ndani. Maniema ilikuwa ndiyo kwanza imetengwa na Kivu na kuwa mkoa kamili, na ofisi zetu zilikuwa na homa ya ukubwa. Kila kitu kilipimwa kwa Bukavu, mji ambao jana tulikuwa tunaupelekea barua za kuomba hata chaki. Bukavu wakiwa na viti sita, sisi tulitaka saba, hata kama waliokalia walikuwa wanne. Katika homa hiyo marehemu aliagiza kompyuta, nayo ikaja kwa ndege imefungwa vizuri, lakini ikiwa tupu. Ilihitaji mfumo endeshi, yaani ile programu ya kwanza ambayo bila hiyo kompyuta ni sanduku la kuwekea maua. Mfumo huo ulikuwa na matoleo mawili, la kawaida na kubwa. Marehemu hakuuliza yanatofautiana vipi. Alisikia neno "kubwa", na hapo shauri likawa limekwisha.

Mimi wakati huo nilikuwa mtunza bohari, magasinye kama tunavyosema. Niliyepokea katoni ya mfumo ni mimi, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja mtu wa Butembo aliyekuwa na duka karibu na stesheni. Yule bwana alikuwa mwaminifu, namsifu hadi leo. Alinionyesha bahasha iliyofungwa ndani ya katoni, yenye disketi zote, na juu yake maandishi ya Kifaransa: ukiifungua, umeyakubali masharti ya leseni. Akaniambia kwa Kiswahili chetu, ambamo "njo" ni "ndiyo": "Magasinye, ambia mukubwa wako aangalie kwanza kama mashini itaweza. Kama haiwezi, murudishe, nitawaletea ile ya kawaida na ndege ya Goma. Lakini mukishapasua hii bahasha, njo yenu. Mi siirudishi tena." Nilirudi ofisini nikaigeuza katoni ubavuni, nikasoma. Toleo kubwa lilitaka memori ya mega tatu. Mashine yetu ilikuwa na moja. Nikaiweka katoni rafuni, nikafunga mlango, nikaenda kula.

Kulikuwa na mwanamke mmoja idarani, mpiga taipu, tuliyemwita mama daktilo. Alikuwa amepelekwa Bukavu wiki tatu kujifunza kompyuta, kwa hiyo ndiye peke yake aliyewahi kuigusa. Mama huyu alikuwa na sababu yake ya kujali. Binti yake mkubwa alikuwa mwaka wa sita, wa mwisho wa sekondari, anangojea mtihani wa serikali, na mwaka huo Kinshasa iliagiza kwamba mikoa yenye kompyuta ipeleke majina ya watahiniwa kwa disketi. Isiyo na kompyuta ingepeleka karatasi kama kawaida. Marehemu alikuwa ameshatangulia kutangaza kwa foni, ile redio ya mawasiliano, kwamba Maniema ina kompyuta na inafanya kazi "bila kasoro". Ilikuwa bado kwenye nailoni.

Siku ya kuizindua tulikusanyika uani kuanzia asubuhi. Watumishi walicheza animasyo, nyimbo za kumsifu mkuu wa nchi, nyonga zikizunguka kwa amri. Meza ikatandikwa kitambaa cha kijani, kompyuta ikakaa juu yake, na katoni pembeni. Leseni, karatasi ya masharti iliyokuwa ndani ya katoni nje ya bahasha, marehemu aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tamko la serikali. Ilisema wazi kwamba mfumo utumike kwenye mashine moja tu. Alipofika hapo akatua, akawatazama wageni, akasema kwamba kwa mamlaka aliyonayo anaipanua leseni hiyo mpaka Pangi, Kabambare na Lubutu. Watu wakashangilia. Kabambare hawakuwa na umeme. Kisha akachukua kisu cha kufungulia barua, na hapo mama daktilo akatoka mstarini na kuweka kidole chake kwenye ubavu wa katoni.

"Sitwayeni Direktere, usipasue kwanza. Soma hapa. Hii njo inaomba mega tatu. Mashini yetu iko na moja tu. Turudishe, watuletee ya kawaida."

"Bukavu wanatumia gani?" akauliza marehemu.

"Ya kawaida. Na inatumika muzuri."

"Basi unataka Maniema ikuwe mutoto wa Bukavu tena?" Watu wakacheka, naye akanigeukia mimi. "Magasinye, weye njo ulipokea hii kitu. Inafaa ao haifai?"

Wasomaji, mdomo wangu ulikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua. Mama daktilo alikuwa ananitazama, kidole bado kwenye katoni. Nikasema, "Inafaa, Sitwayeni Direktere." Kisu kikapita kwenye bahasha.

Disketi ya kwanza iliingia, mashine ikanguruma, kioo kikaandika kwa Kifaransa kwamba memori haitoshi. Marehemu akaagiza iingizwe tena, kwa heshima zaidi. Kioo kikarudia. Wageni wakapelekwa upesi kwenye bia. Kesho yake yalitokea yale ambayo nchi nyingine haziwezi kuyaamini: marehemu alitoa waraka wa kazi. Waraka uliagiza kwamba kuanzia siku ile mashine ya idara iwe na memori inayolingana na hadhi ya mkoa, na kwamba watumishi husika watawajibika kwa utekelezaji. Mama daktilo ndiye aliyepewa kuupiga taipu, nakala nne na karatasi za kaboni. Aliupiga wote bila kosa hata moja. Kisha akaenda mlangoni kwa marehemu akamwomba jambo dogo sana: aseme kwa foni kwamba kompyuta imeharibika, ili Kinshasa ipokee karatasi. Orodha alikuwa ameshaiandaa kwa mashine yake ya zamani, majina yote mpaka ya Lokandu na Kampene. Marehemu alikataa. Angewezaje kusema imeharibika, na jana aliizindua? Disketi haikwenda, karatasi hazikwenda, na watoto wetu wa mwaka wa sita hawakufanya mtihani mwaka ule. Aliyewajibishwa kwa utovu wa nidhamu ni mama daktilo. Alihamishiwa Lubutu. Mimi nilipandishwa cheo.

Wanasema mkubwa ni jalala, kila mtu humtupia uchafu wake. Wakubwa wetu wa enzi ile waligeuza mambo, uchafu wao walitutupia sisi. Lakini nisimwonee marehemu, hakuwa mtu wa ajabu. Nchi nzima ilichaguliwa namna ile, toleo kubwa kwa kila kitu, na hakuna aliyeugeuza ubavu wa katoni kuona kama tunaliweza. Na mchezo haujaisha. Juzi nimemwona kijana sokoni na kompyuta yake ya mitumba, amelipia toleo lenye jina refu kuliko yote, leseni ya kampuni za watu mia, naye anaandika barua za harusi. Kompyuta inachukua nusu saa kuwaka. Nilipomwuliza kwa nini hakuchukua la kawaida, alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

Sasa nirudi matangani. Nilipokaa baada ya hotuba yangu, mwanamke wa makamo alikuja na kiti chake akaketi mbele yangu. Alijitambulisha, ni yule binti wa mama daktilo. Baada ya mwaka ule hakurudi tena shule, alifuata wachimbaji Kampene akauza chakula, akazaa huko. Hakuwa na hasira. Aliniambia mama yake bado yu hai Lubutu, mzee, macho yamechoka. "Mama anasemaka kila siku, yule magasinye hakukuwa mubaya. Hakujua tu kusoma vile vitu. Alijibu tu kwa woga." Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Papa, njo vile?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeisoma katoni siku tatu kabla. Alikunja kitenge chake, akasema hatampelekea mama habari hiyo, maana ni mzee na ameshazoea kunisamehe.

Basi somo, kwa kuwa safu hii haimaliziki bila somo. Mkichagua mfumo, pimeni kwanza mashine mliyo nayo, someni leseni kabla hamjapasua bahasha, na msidhani chuma kinaogopa cheo cha mtu. Na mkimwona mtu amesimama peke yake na kidole kwenye maandishi ambayo nanyi mmeyasoma, fungueni mdomo siku hiyohiyo. Mimi nimeufungua wangu leo, mkurugenzi akiwa kaburini, na kuna mwanamke Kampene ambaye haimsaidii kitu.