Adabu ya Mzee Majidi

Mzee Majidi, fundi cherehani wa mtaa wa Isevya, aliishia darasa la nne. Kijerumani alikipata seminari ya Kipalapala alikokuwa akishona kanzu za mapadri; padri mmoja mzee alimfundisha neno kwa neno, mpaka akakisoma mwenyewe. Padri yule alikwisha kufa, na vijana wa siku hizi hujifunza kwenye simu, wakibwabwaja kama kasuku.

Aliyemfuata kujifunza ni mmoja tu: Zuena, binti wa jirani, muuguzi aliyekaa miaka mitatu bila ajira. Hospitali moja ya Ujerumani ilikuwa imekubali kumsaili kwa simu ya video. Akifaulu, angeondoka.

Kilichomshinda ni sifa, yaani vivumishi.

"Babu, hili 'gut' mbona halitulii? Mara gute, mara guter!"

"Kwani 'zuri' lako linatulia? Mtu mzuri, kiti kizuri. Sikiliza. 'Der', linalotangulia jina, ni mkubwa wa nyumba. Akishasema yote, sifa inajikalia kimya: der gute Mann. Lakini 'ein', yaani 'mmoja', ni mkubwa bubu, haonyeshi jinsia. Hapo sifa yenyewe ndiyo iseme: ein guter Mann."

"Kumbe ni adabu tu!"

"Adabu mliyoitupa jalalani nyinyi."

Miezi minne wakakomaa hivyo, hata Zuena akawa hakosei.

Siku ya usaili aliegemeza simu kwenye cherehani, akamketisha mzee kando yake ampe moyo. Mama wa Kijerumani akatokea kiooni, akasalimu, akamuuliza Zuena habari za masomo na kazi yake. Zuena akamtazama babu. Mgeni kaingia na mkubwa yupo, mdogo atamtanguliaje? Na Majidi, kama alivyolelewa, akamkaribisha mgeni kwa Kijerumani, akamtambulisha binti, akamsifia, kila sifa na mwisho wake, bila kosa hata moja.

Yule mama akauliza kwa ukali ni nani mwingine yumo chumbani. Msailiwa hasaidiwi, akasema. Akakata simu.

"Mbona hukujibu?" Majidi akauliza.

"Ningejibuje, babu, nawe upo?"

Barua pepe ya hospitali ilifika wiki ile: asiombe tena. Zuena akaenda Nzega kuuza dawa katika duka la mtu. Majirani wanamwambia Majidi wazi kwamba amemharibia mtoto wa watu. Lakini kinachomla yeye ni kwamba binti angekuwa mkosefu wa adabu kidogo tu, leo angekuwa Ujerumani.