Nyanya Mbichi za Mke wa Kinyozi

"Na uzi wenyewe mwekundu," dada yake alisema. "Hata kudanganya kwenyewe hujui. Si ungenunua wa kijani?"

"Wa kijani ulikuwa umekwisha dukani."

"Inuka hapo, watu wasikuone."

Kinyozi hakuinuka. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, katikati ya mashina ya nyanya, na kikapu cha nyanya za sokoni kimekaa pembeni yake, nyekundu, zinang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Alikuwa anazifunga moja moja kwenye mashina kwa uzi. Na mashina hayohayo yalikuwa yamejaa nyanya zao wenyewe, za kuzaliwa hapohapo, ngumu kama mawe ya mtoni na za kijani kama chura. Hizo ndizo zilizompeleka sokoni alfajiri, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi kama mtu anayekimbia mashahidi.

"Mimi umeniita nije kusaidia," dada yake alisema. "Nimemwomba ruhusa msimamizi, nimeacha sufuria ya watu kule kantini, nafika nakukuta unazivalisha nyanya hereni."

"Kwa mbali hazionekani."

"Wifi yangu ataziangalia kwa mbali? Nyanya zake? Huyo mwanamke anajua hata konokono wanaokaa humu, anawajua mmoja mmoja na tabia zao."

Kinyozi akafunga fundo jingine. Mkono wake haukutetemeka. Mkono wake ulikuwa hautetemeki kamwe. Ni mkono mwepesi, wa sifa. Kuna mteja mmoja alisinzia kwenye kiti chake, akanyolewa nywele na ndevu bila kuzinduka, akaenda nyumbani bado anasinzia, na mkewe akamfungia nje akisema hamjui kijana huyu. Nzi wenyewe walikuwa hawamkimbii Kinyozi. Walikuwa wanatua, wanangoja zamu. Sitii chumvi.

Lakini ukimtoa kwenye vichwa vya watu, Kinyozi hakuwa na kichwa chake. Mkewe aliwahi kumwachia maziwa jikoni, maziwa yakaungua, sufuria ikaungua, na harufu yake ikakaa kwenye mapazia mpaka mapazia yakazeeka. Akamwachia bata. Bata alipotea mchana kweupe, bata mwenyewe mwenda pole. Basi mwanzo wa msimu huu mama mkwe alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, na mkewe ikambidi aende kumuuguza, alisimama mlangoni mfuko begani na kusema kwa sauti ya chini. Hiyo sauti ya chini ndiyo iliyomtisha mume.

"Nakuachia nyanya," alisema. "Sikuachii kingine, maana kingine huwezi. Nikirudi nikazikuta nyekundu kwenye mashina, nitajua nina mume. Nikikuta vijiti, mfuko huu sitaufungua. Nitageuka nao."

Akaenda zake. Na leo ndiyo siku ya kurudi.

"Haya, nisikilize," dada yake alisema. Alishachukua bakuli kubwa na alikuwa ameanza kuchuma zile za kijani, mkono wake mmoja unashika tatu. "Hizi zinakwenda kwenye mafuta, na nyingine achari. Siki nimekuja nayo."

Kinyozi akamshika mkono. "Ukizichuma atakuta vijiti."

"Na usipozichuma atakuta uji. Hebu angalia majani."

Majani yalikuwa yamepigwa na baridi. Kingo zake zimekuwa nyeusi na kujikunja, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Upepo wa asubuhi ulikuwa unauma masikio, na anga lilikuwa jeupe kama kaniki iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake.

"Baridi kama ya jana ikirudi leo," dada yake alisema, "kesho zote zimelainika, zinanuka. Hizi haziivi tena, mdogo wangu. Jua lake limekwisha. Zitumike leo au zitupwe kesho."

"Alisema nyekundu."

"Alisema na kuhusu bata pia. Mbona bado unakula kwake?"

Kinyozi hakucheka. Alikaa chini, palepale kwenye udongo, na suruali yake ya kutokea. Dada yake alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki, anamjua anavyokaa akitaka kubembelezwa na anavyokaa akiwa ameishiwa. Huku kulikuwa kuishiwa. Akamwacha kidogo, akaendelea kuchuma.

"Ulimwambia nini kwenye simu?" aliuliza baadaye.

"Aliniuliza kama zimechanua. Nikasema zimechanua."

"Zilikuwa zimechanua?"

"Maua yalikuwepo. Kwenye pipa la taka."

Dada yake akaacha kuchuma.

"Halafu akauliza kama zimeanza kuiva," Kinyozi aliendelea, "nikaona nikisema bado ataanza kununa, na simu ya kununa ni ghali. Nikasema zimeanza. Wiki ya pili nikasema zimekuwa nyingi mpaka kijiti kimevunjika. Halafu nikasema nawagawia wateja."

"Toba."

"Akamsimulia mama yake. Mama yake ambaye miaka yote hiyo alikuwa hanitaji ila kwa kuguna, akachukua simu mwenyewe, akaniita mkwe wangu. Akasema, mkwe wangu, mkono wako una baraka, nitunzie mbegu. Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemrudisha mgonjwa kwenye kuguna?"

Dada yake alijifunga kanga vizuri, akatoa jiko nje, akaweka kikaango. Yeye alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda. Huko anapikia sufuria ambayo ukitumbukiza mwiko unautafuta kwa kamba, na wanaume wazima wanapanga foleni mbele yake kimya kama watoto wa chekechea. Kisu chake hakikuwa na haraka. Alizikata zile nyanya vipande vya duara, akavinyunyizia chumvi, akaviacha vitoe maji, akavigaragaza kwenye unga wenye pilipili manga. Mafuta yaliposhika moto akatumbukiza cha kwanza, na harufu yake ikapanda, kali kidogo, chachu, harufu ya kuamsha mate.

"Onja."

"Sitaki."

"Sikukuuliza."

Kinyozi akaonja. Ukoko ukavunjika, na ndani kulikuwa laini, na uchachu ukamfinya mashavu pande zote mbili. Akala kingine. Akala kingine tena, bila kuambiwa.

"Nzuri?"

"Anapenda vitu vichachu," Kinyozi alisema. Kisha akaangalia pembeni. "Lakini hakusema kitu kichachu. Alisema nyekundu."

"Kwanza fungua hizo hereni zako. Nikimaliza hapa tunazungumza."

Kinyozi akatoa mkasi kwenye mfuko wa shati, ule mkasi wake mwembamba wa kazi, akapita kwenye mistari akikata nyuzi. Nyanya za sokoni zikarudi kikapuni moja moja. Alifanya hivyo bila kuinua macho, kwa sababu kila shina alilolishika lilimkumbusha. Mashina yale hayakuwa yameumbika kama mashina ya watu wengine. Yalikuwa mafupi, ya kimo kimoja, yamejaa matawi pembeni, sawasawa kabisa, kama vichwa vya wanajeshi.

Maana aliyatunza, msione vile. Aliyamwagilia, akayapalilia, akachomeka vijiti. Yakakua kwa kasi ya uvumi. Yakafungamana hivi kwamba paka wa jirani aliingia humo peke yake akatoka na watoto. Na yakaanza kutoa maua juu kabisa, vichwani, ya manjano. Halafu ikafika Jumatatu moja, siku ambayo vinyozi wote wanafunga maduka, naye akatoka nyuma ya nyumba na mkasi na kitana. Alianza mstari wa kwanza akamaliza wa mwisho, akafagia chini vizuri, kama anavyofagia dukani. Ilipendeza. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akapiga mluzi, akauliza kama anaweza kukatwa mtindo huo. Isipokuwa maua yote yalikuwa yamekwenda na ufagio. Mashina yakabaki yameduwaa muda mrefu, kisha yakachipua upya kwa pembeni, yakatoa maua wakati watu wengine wanakula zao, na yalipozaa, baridi tayari ilikuwa inabisha hodi.

"Zote umetoa?" dada yake aliuliza.

"Zote."

"Njoo hapa. Sasa tufanye mazoezi ya kusema kweli, maana naona hujazoea. Kaa. Mimi ni wifi yangu. Nimeingia, nimeona. Nakuuliza nani kafanya hivi."

"Hufanani naye."

"Basi fumba macho."

Kinyozi akakaa kwenye kigoda, akafumba macho. Mafuta yalikuwa yanachachatika kwenye kikaango. Mtaani mtu alikuwa anapigilia bati, anaacha, anapigilia tena.

"Nani kafanya hivi?" dada yake akasema, kwa sauti nyembamba isiyofanana na ya mtu yeyote.

"Mimi. Nilizinyoa."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa zimechafuka."

"Nachukua mfuko wangu."

"Ngoja." Akapangusa mikono kwenye magoti. "Ngoja kwanza. Ilikuwa Jumatatu."

"Jumatatu kuna nini?"

"Jumatatu ni kichwa chako." Dada yake alikuwa na neno la mzaha tayari mdomoni, akalimeza. "Duka limefungwa. Unatoa kigoda hiki, unakaa hapahapa, unafungua kitambaa, unaniambia nisikate sana, na mimi nakata. Na wewe unanisimulia. Nani kaolewa, nani kakosana na nani, nani kakopa sukari hajarudisha. Mimi sijibu. Wewe unadhani sisikii, unaniambia mume wangu naongea na ukuta. Nasikia yote. Ukiniuliza mambo ya mwaka juzi nitakutajia."

Akashika ukingo wa kigoda.

"Ulipoondoka, Jumatatu ya kwanza nilitoa kigoda, nikakaa nacho, nikakirudisha. Ya pili nikatoa mkasi, nikautia mafuta, nikaurudisha. Nyumba ilikuwa haina mtu wa kuniambia nisikate sana. Halafu siku hiyo nikatoka nje nikaona nyanya zako zimesongamana, vichwa vinatikisika na upepo, kama wewe ukiwa katikati ya habari. Nikasema nizipunguze pembeni tu. Nikawa nazisimulia. Nikaziambia habari za mteja yule anayepaka masizi mvi, na za jirani na paka wake. Mkono ukawa unakwenda wenyewe. Nilipofika mwisho wa mstari ndipo nikaangalia chini nikaona maua."

Mafuta yaliendelea kuchachatika.

"Sikusahau, mke wangu. Bata nilimsahau, kweli. Maziwa nilisahau. Hizi sikuzisahau hata siku moja. Nilizitunza mpaka nikaziharibu. Na za kwenye simu zilikuwa uongo, zote, hata kijiti. Hizi hapa ni za kijani. Dada kazikaanga. Ni chachu, utazipenda. Kama unageuka, basi kula kwanza, halafu ndiyo ugeuke."

Akangoja.

"Haya, sema sasa," Kinyozi alisema, macho bado amefumba. "Unageuka au hugeuki?"

Badala ya jibu, pua yake ikamletea kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu dada yake ashike mwiko: harufu ya chakula kinachoungua. Akafungua macho. Dada yake alikuwa ameshika uma hewani, mafuta yanadondoka kwenye kanga yake, naye hakuwa anamwangalia Kinyozi. Alikuwa anaangalia nyuma yake.

Kinyozi akageuka na kigoda chake.

Mkewe alikuwa amesimama mwisho wa mstari wa nyanya, vumbi la safari miguuni, mfuko bado begani. Mkononi alikuwa ameshika nyanya moja nyekundu ambayo mkasi ulikuwa umeiruka. Kidole chake kilikuwa kinaufuata uzi, kutoka kwenye nyanya mpaka kwenye shina, taratibu, kama fundi anayetafuta mshono ulipofumuka. Alipofika kwenye fundo akalitazama sana.

Kinyozi akafungua mdomo. Dada yake akamkanyaga mguu.

Mkewe akaiachia nyanya, ikabaki inabembea. Akaangalia mashina, mstari kwa mstari, ule usawa wake. Akaangalia sinia na vile vipande vya duara, na kigoda, na mkasi kwenye goti la mumewe. Kisha mfuko ukateleza kutoka begani, ukatua kwenye udongo, na mkono wake ukapanda kichwani, ukaanza kutafuta fundo la kitambaa.