Vitabu Vitatu, Mume Mmoja

Wenzangu wa Chumbageni, mnisamehe kwa kukaa kimya tangu nijifungue.

Leo nimeshindwa kunyamaza: mume wangu kapasuliwa kichwa kwa sababu ya majina yake.

Meneja wa shamba la mkonge alituita ghalani. Anataka kuamua kama kitabu cha kazi, cha posho na cha hospitali viwe kimoja.

Karani akaanza kujaribu na vitabu vyetu.

Kazini kaandikwa Mhina. Hospitali, Yohana, jina la ubatizo. Kwenye posho, Baba Neema, maana si ndivyo kila mtu anavyomwita?

"Wanaume watatu nyumba moja? Mwizi wee!"

Karani huyo akamtandika mume wangu rula ya chuma kichwani. Damu mpaka kwenye unga wa posho.

Nami, mtoto mgongoni, nikamtwanga karani kwa pishi ya bati ya kupimia unga. Akaenda chini.

"Ni mmoja huyu! Ungeuliza!"

Meneja kaamua vitabu viunganishwe, ila posho yetu imezuiwa mpaka tuthibitishe.

Ningekaa nikitazama? Niambieni.

Nileteeni cheti chake cha ubatizo, kimo sandukuni kwa mama. Barua ya jumbe kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Unga pishi mbili. Na kanga, yangu nimemfungia kichwa.