Kong' ya Gari la Marehemu

Marehemu mume wangu alikuwa na dawa mbili tu za gari. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, aliifunika kwa teipu nyeusi ya stima. Kitu kikianza kugonga, aliongeza sauti ya redio. Nikilalamika, ananicheka: "Wewe mwanamke, gari si gonjwa, ni zee. Wazee huongea."

Na liliongea kweli! Kila gurudumu la mbele likiingia shimoni: kong'! Jumamosi tukitoka Meru kwenda kwao Karurumo, mama yake alitusikia tangu kona ya kanisa, akaweka sufuria ya chai motoni. Tukifika getini chai inachemka, naye amesimama akijipangusa mikono kwa leso.

Mume wangu alipofariki nilibaki na gari. Niliendelea kwenda Karurumo, na chai ikaendelea kuchemka. Mama alinipokea vizuri, lakini kabla ya kunisalimia aliutazama kwanza mlango wa dereva. Haki, kila mara nilitamani ashuke mwanawe, si mimi.

Nami nilikuwa na ujinga wangu. Njiani nilizima redio nikapiga gumzo na kong'. "Umekula?" Kong'. "Umenimiss?" Kong'. Anayetaka kucheka acheke, hajafiwa huyo.

Kisha siku moja, kwenye mteremko wa Thuchi, usukani ulinitetemekea mikononi mpaka nikaita Yesu. Niliporudi Meru, fundi aliinua gari kwa jeki, akatikisa gurudumu, akaguna.

"Madam, kinachogonga ni boljointi, hii inayoshika gurudumu. Imeisha kabisa. Ikikatika kwa mteremko, tairi itaenda kivyake na wewe kivyako."

Nina watoto nyumbani wasio na baba. Nikamwambia atengeneze.

"Na hii teipu kwa dashibodi nitoe?"

"Hiyo usiiguse!" nilimfokea, maskini, mtoto wa watu.

Jumamosi iliyofuata gari lilienda kimya kama la mheshimiwa. Nilimwuliza kama amekula, hakuna jibu. Nililia kuanzia Chuka.

Nilipofika Karurumo getini hapakuwa na mtu. Mama alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, kuni zimepangwa lakini moto haujawashwa.

"Mama, ni mimi."

Alishtuka. "Umekuja na nini?"

"Na gari, Mama. Nimelitengeneza. Lingeniua."

Alitoka nje, akalizunguka, akaweka kiganja kwenye boneti iliyokuwa bado moto. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. Halafu akaketi pale pale nyasini akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku tulipomzika mwanawe.

"Kumbe amekufa," alisema. "Kumbe amekufa kweli."

Niliketi naye mpaka akanyamaza. Kisha nikaingia jikoni, nikawasha moto, nikaweka chai mwenyewe.