Siku Kijito Kiliponyamaza

Nilipokuwa mtoto niliamini Mbeya ni bakuli, nasi tumewekwa ndani yake. Popote nilipogeuza uso niliona mlima: Loleza juu ya vichwa vyetu, mlima Mbeya nyuma yake umejifunika ukungu, na mbali upande wa kusini safu ya Uporoto. Mji ulikuwa unakua lakini bonde haliongezeki, kwa hiyo nyumba zikaanza kupanda. Kila mwaka mabati yalisogea juu kidogo, yakaingia kwenye mashamba ya mahindi, kisha kwenye miti, mwisho kwenye makorongo.

Baba naye alinunua kiwanja korongoni, kando ya kijito. Ardhi ya tambarare imeisha, alisema. Bibi, mama yake mzazi, aliishi kwenye nyumba yake ya udongo juu ya kilima, si mbali na pale. Siku alipoonyeshwa msingi alikataa kuvuka kamba ya fundi.

"Hapa ni njia," alisema.

"Njia ya nani, Mama? Mbona hakuna barabara?"

"Ya Mwenye Maji."

Wazee wa Kisafwa wa upande wetu walimtaja kwa sauti ya chini. Alikuwa nyoka mkubwa aishiye ndani ya mlima, na mara chache sana huteremka kwenda kuwaona ndugu zake huko Usangu. Kabla hajapita hulala akakiziba kijito kwa mwili wake, kikanyamaza. Baba alicheka kwa upole. Mama, mwenyeji wa Ipogolo kule Iringa, binti wa kanisani, hakucheka, alikasirika. Tukahamia. Bibi hakuwahi kuingia ndani. Mama alimtolea chai nje kila alipokuja, na jambo hilo lilimuuma Mama.

Masika nilipokuwa darasa la tatu, mvua ilinyesha wiki nzima. Jumamosi mchana ikakatika. Nilikuwa kwa Bibi tukipukuchua mahindi, mara mikono yake ikasimama.

"Neema, unasikia nini?"

Nikatega sikio. "Sisikii kitu, Bibi."

"Na kijito?"

Kijito kilichonguruma tangu Jumatatu kilikuwa kimekata kauli.

Bibi hakutafuta hata viatu. Alikuwa na magoti mabovu, alizoea kutembea ameshika fimbo, lakini siku hiyo aliteremka mbio, nami nyuma yake nikilia bila kujua ninalilia nini. Kijitoni mawe yalikuwa wazi, maji yamebaki vidimbwi.

Mama alikuwa uani anafua. Mdogo wangu Baraka, wa miezi saba, alikuwa amelala ndani.

"Toka, Mama Neema! Anakuja!"

"Nani anakuja?"

"Kijito kimenyamaza!"

Mama akanyoosha mgongo. "Mama, nakuheshimu sana. Lakini nyumba hii tumeiombea. Mambo ya nyoka hapa hapana."

Alivuka kizingiti kwa mara ya kwanza, akatoka na Baraka kifuani, akaanza kupanda kilima.

"Nirudishie mwanangu!" Mama alitupa nguo, akamkimbilia. Majirani wa korongoni walitoka, wakubwa kwa wadogo, kushuhudia mtu na mkwewe wakigombania mtoto. Wengine walitufuata ili waamulie, na waliobaki wakatufuata wasije wakapitwa. Hadi leo naamini ni ugomvi ule uliowaokoa.

Mama alimfikia Bibi mlangoni kwake. Alikuwa ameshamshika Baraka mguu wakati ardhi ilipotetemeka. Kwanza ilikuja harufu ya udongo mbichi. Kisha korongo likajaa, na hayakuwa maji. Ulikuwa mlima wenyewe, mweusi, mzito, unatembea. Mawe makubwa kuliko lori yalishuka yakigongana. Miti ilipita imesimama wima, matawi yakitikisika, kama watu wanaoelekea mahali wanapopajua. Nyumba yetu ilizama polepole hadi kwenye paa, na paa likaelea kidogo, kisha likageuka. Watu wazima walivua kofia.

Mama alipiga magoti mbele ya Bibi. Bibi akamrudishia mtoto.

"Mnyonyeshe," alisema.

Baba alifika kutoka kazini Mwanjelwa, tope limemfika kiunoni. Alituhesabu kwa macho, mmoja mmoja, mara mbili. "Ulijuaje, Mama?"

"Sikujua. Niliogopa."

Siku hizi mimi ni mpima ardhi. Najua kwamba udongo uliolowa uliporomoka huko juu ukaziba kijito, maji yakajaa nyuma yake, mwishowe kizuizi kikapasuka. Nilimweleza Bibi hayo mwaka mmoja kabla hajafariki. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, halafu akasema, "Basi ndiye huyo huyo."

Kwa miaka mingi nilidhani kitu kikubwa nilichokiona siku ile ni mlima. Sasa nina watoto wangu, na nafikiri tofauti. Sisi wengine hatukuamini, kwa hiyo hatukuhitaji ujasiri wowote. Bibi aliamini kabisa. Kwake Mwenye Maji alikuwa njiani kweli, aliogopa kuliko sisi sote, na bado akateremka kwenda kusimama mbele yake.